Saa Kumi Alfajiri Siyo Kosa: Mji Hauongozwi kwa Lokapu



Leo nianze na ndoo mbili tupu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alizaliwa na kukulia hapa Kasokola kama mimi. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda kutafuta maisha kwa shemeji yake, kwenye mji ambao sitautaja, maana ninachotaka kusema si cha mji mmoja. Alikuwa anauza nyanya. Saa kumi alfajiri anatoka na ndoo zake na mtaji mfukoni, anawahi nyanya za jumla kabla wenye pikipiki hawajazimaliza. Saa moja asubuhi yuko kwenye kona yake anapanga mafungu.

Siku hiyo hakufika. Defenda ilisimama mbele yake. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Unafanya kazi gani? Kitambulisho kiko wapi? Akajibu yote, akaonyesha ndoo. "Panda juu, utaeleza kituoni."

Alikaa mahabusu siku mbili. Kosa lake, aliambiwa, ni uzururaji. Mahakamani hakupelekwa. Shemeji alikwenda na hela, wakaongea pembeni, kijana akatoka. Risiti hakuna. Mtaji ulikwishia huko huko. Sasa hivi amerudi Kasokola, analima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Mama mdogo aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Hivi huko chuo mnafundishwa kwamba kutembea alfajiri ni kosa?"

Nilibabaika. Makala haya ni jibu langu kwake, na ni jibu kwa kila kijana anayesoma hapa ambaye ameshawahi kuulizwa na mwenye virungu, "We unafanya nini hapa?"

Ndiyo mama, sheria ipo

Tuanze na ukweli mchungu. Askari yule hakulitoa neno hilo hewani. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, utakuta kifungu cha 176 na cha 177. Cha kwanza kinahusu watu wazembe na wasio na utaratibu. Humo wamo ombaomba, wanaocheza kamari barabarani, na hata mtu mwenye nguvu zake ambaye hafanyi kazi ya uzalishaji na hana njia ya kujipatia riziki inayoonekana kwa macho. Cha pili kinahusu wazururaji: mtu anayekutwa barabarani au karibu na jengo, kwa wakati na katika mazingira yanayofanya aonekane kwamba yuko pale kwa nia mbaya.

Sasa soma tena maneno hayo taratibu. "Njia inayoonekana." Inaonekana kwa nani? "Aonekane ana nia mbaya." Machoni pa nani? Mwizi anashtakiwa kwa sababu ameiba, na upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha alichoiba. Mzururaji anashtakiwa kwa jinsi anavyoonekana. Nguo zimechakaa, viatu ni kandambili, saa ni mbaya, tayari. Mwenye suti aliyetoka baa saa kumi alfajiri anapita pale pale na hakuna anayemuuliza kitu.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda popote katika Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Mdogo wangu alikuwa anazitumia ibara hizo zote tatu kwa mpigo, na ndoo zake mbili. Akalazwa sakafuni.

Sheria hii ilizaliwa London

Vifungu hivi havikutungwa Dodoma. Ukivichunguza, hata maneno yake yametoka kwenye sheria ya wazururaji ya Uingereza ya mwaka 1824. Wakati ule vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, wanajeshi wamerudi hawana kazi, na maskini wamejaa barabarani. Bunge lao likaona njia rahisi ni kuwafanya maskini wenyewe kuwa kosa. Sheria ile iligawa watu mafungu matatu: wazembe, wazururaji, na wazururaji sugu. Mkoloni alipoandika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika mwaka 1930, maneno hayo yakapanda meli yakaja.

Na kazi yake huku ilikuwa nyingine. Dar es Salaam ilikuwa mji wa watawala. Mwafrika alitakiwa mjini kama kibarua tu, akimaliza kazi arudi kwao. Mwaka 1944 wakaongeza sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Vijana wasio na ajira waliitwa wahuni, wakasombwa na kurudishwa vijijini. Neno hilo bado tunalo, na desturi yake tunayo.

Ila tusimsingizie mkoloni kila kitu. Uhuru tulipata 1961. Mwaka 1983 Serikali yetu wenyewe ilitunga sheria iliyojulikana kama ya Nguvu Kazi, na watu wakakamatwa tena mitaani Dar es Salaam wapelekwe vijijini wakalime. Mkoloni aliondoka na bendera yake, karandinga likabaki na dereva mpya.

Na London kwenyewe? Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuifuta ile ya 1824. Marekani waliliona tatizo mapema zaidi: mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile ilibatilisha sheria ya uzururaji ya mji wa Jacksonville, Florida, kwa sababu ilikuwa haieleweki na ilimpa polisi uwezo wa kumkamata amtakaye. Mwenye nguo ameivua, sisi tuliopewa mtumba bado tunaipiga pasi.

Majirani wameshaamka

Najua kuna mtu atasema Ulaya ni mbali, wao wana hela. Sawa, twende kwa majirani.

Malawi. Machi 2015, kijana anayeitwa Mayeso Gwanda alikuwa njiani alfajiri, saa kumi, anakwenda kuuza mifuko ya plastiki. Polisi wakamkamata kwa kosa la uzururaji. Unaona? Badilisha mifuko uweke nyanya, umepata habari ya mdogo wangu. Tofauti ni kwamba Gwanda alipata mawakili, kesi ikafika Mahakama Kuu Blantyre, na Januari 2017 majaji wakasema kifungu kile kinavunja Katiba ya Malawi. Kikafa. Muuza mifuko mmoja amewafungulia njia wenzake nchi nzima.

Uganda. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha aya mbili za kifungu chao cha 168, zile zilizowafanya watu kuwa wazururaji kwa sababu tu hawana kazi inayojulikana au wamekutwa mahali wakionekana wana nia mbaya. Ni maneno yale yale tuliyorithi sote kutoka kwa bwana mmoja.

Halafu kuna Arusha, na hapa ndipo roho inapouma. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, kwenye ardhi yetu. Tarehe 4 Desemba 2020, baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, mahakama hiyo ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji za bara zima. Ikasema sheria hizi zinaadhibu hali ya mtu na siyo tendo lake, zinavunja usawa, utu, uhuru na haki ya kwenda utakako, na zinawaumiza zaidi maskini, watoto na wanawake. Ikazitaka nchi zizipitie, zizifute au zizirekebishe.

Na Tanzania ilikuwa wapi? Novemba 2019 Serikali ilikuwa imetangaza kuondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuipeleka mahakamani pale moja kwa moja. Kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020, siku chache tu kabla ya maoni yale kusomwa. Yaani mlango tuliwafungia raia wetu wenyewe, nyumba tukabaki nayo kama mwenye kiwanja.

Mji ni wa nani?

Mpaka hapa nimeongea sheria. Sasa tuongee utawala, maana defenda haiendi yenyewe. Nyuma yake kuna mtu ameamka asubuhi akasema, "Nataka mji uwe safi."

Mtu huyo huwa ni nani? Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa Manispaa, mwenye mgambo na bajeti, anateuliwa na Rais. Meya anachaguliwa na madiwani, ila mgambo hawaripoti kwake. Na mwananchi ambaye kona yake inavunjwa hajampigia kura hata mmoja wa hao watatu wa kwanza. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ngazi iliyo karibu kabisa na muuza nyanya, chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Kwa hiyo huyu kijana akidhulumiwa, aende kwa nani asiyekuwa upande wa waliomdhulumu?

Juu ya hapo, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48. Sheria imeweka masharti, ikiwemo kuandika sababu. Lakini sote tumeona video: kiongozi amekasirika kwenye mkutano wa hadhara, kidole kimenyooka, "Mweke ndani huyu!" Hapo masharti yamesomwa saa ngapi? Mwanasiasa mteule amekuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu kabla kipaza sauti hakijapoa.

Linganisha na Kenya. Katiba yao ya 2010 ilileta kaunti 47, kila moja na gavana anayepigiwa kura. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Nisiwadanganye kwamba huko ni peponi. Askari wa kanjo wa Nairobi wanajulikana kwa kupiga wachuuzi na kumwaga bidhaa zao, na katiba mpya haikuwanyang'anya virungu kwa siku moja. Lakini gavana akiwaachia kanjo wawatese watu, miaka mitano ikifika anakutana na wale wale wachuuzi kwenye foleni ya kura. Hiyo ndiyo tofauti, na siyo ndogo.

Kampala wako katikati. Wana Lord Mayor anayechaguliwa na wananchi, lakini sheria ya 2010 ya mji ule iliweka Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na nguvu za kila siku ziko kwake. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa barabarani. Aliyechaguliwa anapiga kelele, aliyeteuliwa anatekeleza. Wana-Mpanda, hadithi hiyo si tunaijua?

Na Kigali? Najua kila mtu akienda Kigali anarudi anasifia: barabara zinang'aa, huoni muuza karanga wala ombaomba. Swali la mwanasheria ni moja: wamekwenda wapi? Shirika la Human Rights Watch limeandika kwa miaka mingi, ikiwemo ripoti ya Septemba 2015, kuhusu kituo cha Gikondo, ambako wachuuzi, ombaomba, makahaba na watoto wa mitaani wamekuwa wakifungiwa bila kushtakiwa, na wengi wakaeleza vipigo. Usafi wa barabara unaupima kwa macho. Gharama yake imefichwa nyuma ya ukuta. Kwa hiyo kiongozi wetu akisema "nataka mji wangu uwe kama Kigali," muulize kwa upole: kama Kigali ya barabarani au kama Kigali ya Gikondo?

"Lakini wezi wapo"

Upande wa pili wana hoja, na tukiwapuuza tutakuwa wanaharakati wa mitandaoni tu.

Wanasema wezi wapo. Kweli. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau hofu ya panya road. Mama anayefungua genge alfajiri naye anataka doria ipite. Lakini Kanuni ya Adhabu ina wizi, ina unyang'anyi, ina uvunjaji wa nyumba, ina kujaribu kutenda kosa. Askari akiwa na sababu ya kweli ya kumshuku mtu, vifungu anavyo. Uzururaji unatumika pale ambapo sababu haipo. Na siku mbili ambazo mahabusu imejaa wauza nyanya ni siku mbili ambazo mwizi mwenyewe yuko nje anacheka, maana yeye hana ndoo za kumchelewesha kukimbia.

Wanasema pia mji bila utaratibu ni vurugu, barabara zinazibwa, taka zinazagaa. Hiyo nayo ni kweli. Nimepita masokoni, najua kupishana na mkokoteni na bodaboda kwenye uchochoro mmoja. Ila kupanga watu ni kazi ya mipango miji. Unahitaji ramani, mstari wa chokaa, choo, taa, maji na kikao. Mji unaotumia lokapu kufanya kazi ya ramani ni mji ambao umeshindwa kupanga.

Na wapo wanaosema mkaidi apigwe tu, Mwafrika bila kiboko haendi. Msishangae, hili limesemwa mpaka bungeni. Juni 2013, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mtoto wa mkoa wetu huu huu, alisema wanaokaidi vyombo vya dola wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakafungua kesi, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitupa. Kesi ilitupwa, lakini swali halijatupwa: mgambo wa chini anajifunza nini akisikia kauli kama ile kutoka juu?

Hisani inatolewa mdomoni, inaondolewa mdomoni

Kuna kipindi machinga walipumua. Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho hakutakiwa kubughudhiwa. Wengi walishukuru, na sitawacheka kwa kushukuru. Lakini ulinzi ule ulisimama juu ya neno la mtu mmoja. Oktoba 2021, chini ya Rais mwingine, mabanda yakavunjwa Dar es Salaam na miji mingine, na wengi waliokuwa na kitambulisho mfukoni wakakusanya mbao zao kama wasio nacho.

Sheria haikubadilika mara zote mbili. Kilichobadilika ni mdomo. Ndiyo maana sisi vijana wa upinzani tusiombe rais mwema kwa machinga. Tudai sheria ambayo hata rais mbaya ataiheshimu.

Na inawezekana. India, nchi yenye wachuuzi wengi kuliko idadi ya watu wa nchi kadhaa za Afrika, ilitunga mwaka 2014 sheria ya kulinda riziki ya wachuuzi wa barabarani. Inasema kila mji uwe na kamati ya biashara za barabarani, na si chini ya asilimia 40 ya wajumbe wawe wachuuzi wenyewe waliochaguliwa na wenzao, theluthi moja ya hao wanawake. Na hakuna kumwondoa mchuuzi mpaka wote wahesabiwe na kupewa vyeti. Utekelezaji wao una mashimo mengi, miji mingi imesuasua. Lakini mchuuzi akionewa ana karatasi ya kusimamia.

Afrika Kusini nako, Oktoba 2013 Jiji la Johannesburg liliwafagia maelfu ya wachuuzi katikati ya mji, hata wenye vibali. Wachuuzi wakaenda Mahakama ya Katiba, na Desemba 5 mwaka huo huo ikaamuru warudi kwenye meza zao. Miezi haijafika miwili. Huko jiji lenyewe lilishtakiwa, na likatii.

Na sisi tujiangalie

Makamanda, hapa mtaninunia kidogo, ila nitasema.

Hapa Mpanda tulikuwa na mbunge wa upinzani kuanzia 2005 mpaka 2015, Said Arfi. Baada ya uchaguzi wa 2015, upinzani chini ya mwavuli wa UKAWA uliongoza mabaraza ya majiji makubwa: Dar es Salaam, Arusha, Mbeya. Najua wakurugenzi walikuwa wa Rais, najua madiwani wetu walikamatwa na wengine wakanunuliwa mchana kweupe. Lakini mamlaka ya kupendekeza sheria ndogo tulikuwa nayo. Sasa tujiulize: ni sheria ndogo ngapi zinazomgeuza muuza mboga kuwa mhalifu tulipeleka barazani zifutwe? Ni mkutano gani wa hadhara tuliutumia kueleza kifungu cha 177?

Tunapiga kelele, na ni haki yetu, kiongozi wetu anapowekwa ndani. Mitandao inawaka. Lakini kila usiku kuna kijana asiye na kadi ya chama chochote analala sakafu ile ile, kwa kosa ambalo halina hata mlalamikaji, na sisi kimya. Haki jinai tunayoidai kwa ajili ya wanasiasa tu ni nusu haki. Mwenye kuuza nyanya akituuliza mbona hamkuwahi kunisemea, tutamjibu nini?

Tunachokidai

Januari 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia mfumo wa haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ripoti ikakabidhiwa. Kwa hiyo Serikali haiwezi kusema haijui kuna tatizo. Sisi tudai mambo manne yanayoeleweka hata kijiweni.

La kwanza, vifungu vya uzembe na uzururaji vifutwe, kama Arusha ilivyoshauri. Anayetenda kosa ashtakiwe kwa alichotenda.

La pili, saa 48 za Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ziondolewe. Kukamata ni kazi ya polisi, kuhukumu ni kazi ya mahakama.

La tatu, kila manispaa na jiji iwe na kamati ya biashara ndogondogo ambayo wachuuzi na bodaboda wanachagua wajumbe wao, na pasiwe na bomoabomoa kabla kamati hiyo haijakaa na eneo mbadala halijaonekana kwa macho, siyo kwenye makaratasi.

La nne, Mkurugenzi awajibike kwa baraza lililochaguliwa, na mgambo wake wawe na sare zenye namba, ili anayepigwa ajue amepigwa na nani.

Na wakati tunasubiri hayo, kuna ya kufanya wiki hii. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae, hata kama ni nyuma. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo inatakiwa kuwatangazia wakazi ili wenye pingamizi waseme. Nendeni ofisi ya kata mkaulize tangazo liko wapi. Mkiwa kumi mkaulize swali moja kwa adabu, mtendaji atalijibu au atalipeleka juu.

Na ukikamatwa, au mwenzako akikamatwa, kumbuka haya. Usikimbie na usitukane. Uliza unakamatwa kwa kosa gani, maana anayekukamata anatakiwa akwambie. Taja jina lako na omba ndugu au wakili ajulishwe. Kwa makosa kama haya, ukikaa saa 24 bila kupelekwa mahakamani una haki ya kuomba dhamana pale pale kituoni. Dhamana ya polisi haiuzwi. Akikwambia mtu ni elfu hamsini, hiyo siyo dhamana, hiyo ni rushwa, na anayeitoa naye anaifanya ya kesho iwe elfu sabini.

Mama mdogo, hili ndilo jibu langu. Hapana, kutembea alfajiri siyo kosa. Kilichopo ni sheria ya Mwingereza ya miaka 200 iliyopita, inayotumiwa na watu ambao hukuwachagua, juu ya mtoto ambaye hakuiba kitu. Malawi waliivunja kwa kesi ya muuza mifuko mmoja. Mwanao anasema ndoo anazo bado, ziko nyuma ya nyumba. Anachokosa ni mtaji wa kuanzia, na barabara ambayo akipita saa kumi alfajiri hakuna atakayemuuliza kama ana haki ya kuwepo.

Mtaji tutachanga sisi ndugu. Barabara hiyo ni kazi yetu sote.

Aluta kontinua.